Pazia la Gunia na Pamba ya Shangazi

Kazi yangu ya kwanza baada ya kutoka chuoni ilikuwa kumtazama mtu mmoja akiwatukana wakulima. Sikuelezwa hivyo, bila shaka. Nilielezwa kwamba chama cha ushirika kinahitaji kijana msomi wa kusimamia kituo cha kununulia pamba upande wa Geita, msimu mzima, na kwamba kijana huyo awe mtu asiyekubali jambo kwa sababu tu limezoeleka. Nilipoulizwa kama mimi ni mtu wa namna hiyo, nami niliuliza ni nani aliyeamua kwamba mazoea ni kitu kibaya. Wakanipa kazi siku ileile. Nadhani walitaka niondoke ofisini kwao Shinyanga.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka hii ya hamsini. Nilikuwa nimerudi kutoka Kampala, ng'ambo ya ziwa, nikiwa na kaptula iliyopigwa pasi, soksi ndefu mpaka magotini, na somo moja la elimu ya nafsi lililonipanda kichwani kama homa. Nilikuwa nimejifunza kwamba binadamu haamui kwa akili kama anavyodhani. Anaamua kwa njaa, kwa woga, kwa kupendezwa na sura ya mtu, kwa kile alichokiona punde tu kabla ya hapo. Akishaamua, ndipo akili inapofika mbio ikihema, na kumtafutia sababu za kuwaambia watu. Jambo hili niliamini linawahusu watu wote. Sikumbuki kama niliwahi kujihesabu miongoni mwao.

Kituo chenyewe kilikuwa banda la mabati kando ya barabara, na ndani yake mizani, meza ndefu, na lundo la pamba lililosubiri lori la kwenda kwenye kinu. Pamba ilikuwa na madaraja mawili. Safi ni ile nyeupe, kavu, isiyo na majani. Fifi ni ile iliyopigwa na mvua au kuumwa na wadudu, yenye madoa ya manjano. Mkulima alichambua pamba yake nyumbani, akaja nayo, akaimwaga mezani, na mkaguzi akatamka neno moja. Kwa neno hilo mtu alijua kama mwaka wake ulikuwa na maana au alikuwa anapalilia jua.

Mkaguzi wetu alikuwa Mzaramo. Alipanda garimoshi kutoka pwani akiwa kijana, akafuata dhahabu Geita, dhahabu ikamkataa, akabaki hukuhuku akishona nguo mpaka kamati ya wakulima ilipompa meza ya pamba. Hapo nikapata swali. Kwa nini kamati ya Wasukuma watupu, wenye vijana waliolelewa katikati ya pamba, imchague mtu wa minazi? Mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye subira kubwa kuliko nilivyostahili, alinijibu kana kwamba nimeuliza kwa nini maji hunywewa.

"Si mtani wetu?"

Ndivyo ilivyokuwa. Wasukuma na Wazaramo ni watani, na mtani anaweza kukwambia lolote nawe huna ruhusa ya kukasirika. Mzaramo huyu aliitumia ruhusa hiyo yote, tangu asubuhi mpaka jioni, bila kubakiza.

"Mzee, hii ni pamba au umenyoa kondoo mgonjwa?"

"Nyamaza, mla nazi. Macho yako yamejaa tui."

"Fifi! Tena siku ukifa mimi ndiye nitakayekuzika, na nitakuziba pua kwa pamba hiihii, ukafike huko ukiwa na aibu."

"Utanizika wewe? Wewe utatangulia, kwa uvivu!"

Foleni nzima ilicheka, mzee alicheka, akaichukua fifi yake akaipeleka kwenye mizani, akaenda nyumbani akisimulia alivyomjibu Mzaramo. Watu walisubiri zamu zao kwa hamu, kama wanaokwenda kwenye ngoma. Nami nilisimama kando, mikono nyuma, nikiona upuuzi mtupu.

Si kwamba nilikosa hoja. Nilimtazama mkaguzi kwa makini na nikaona yale yote niliyofundishwa. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa mkali. Akishashiba, madoa yalipungua. Lundo chafu likitangulia, lililofuata likawa jeupe machoni pake hata kama halikuwa jeupe sana. Mwanamume aliyevaa viatu alikaguliwa kwa ncha za vidole; asiye na viatu, pamba yake ilipekuliwa mpaka chini. Na mama mmoja mwenye mwanya mzuri hakuwahi kupata fifi msimu ule, ingawa mimi kwa macho yangu niliona mende katika pamba yake.

Siku kinu kilipolalamika kwamba tunapeleka pamba chafu kwa jina la safi, nilijua saa yangu imefika. Nikamweleza mwenyekiti mambo ya njaa, ya viatu na ya mwanya. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo unataka asile, au unataka wote wavae viatu?"

"Nataka mkaguzi asijue pamba ni ya nani. Tutundike pazia. Mkulima asimame upande wa pili, aisukume pamba yake chini ya pazia mpaka mezani, asiseme neno. Mkaguzi aone pamba tu."

"Na huyo mkaguzi ni nani?"

Nilijitahidi kuonekana kama mtu ambaye hakuwa amelifikiria hilo. Mwenyekiti alitazama soksi zangu, akatazama barabara, akasema sawa, tujaribu, lakini yeye ndiye atakayesema basi. Mzaramo alihamishiwa kwenye mizani. Aliondoka mezani akiniamkia kwa heshima iliyozidi kipimo: "Shikamoo, Bwana Pazia." Ana umri wa baba yangu. Jina hilo halijaniacha mpaka leo.

Tulishona magunia ya katani, tukayatundika kutoka kwenye boriti. Nikakaa nyuma yake na sampuli mbili alizoniachia Bwana Shamba, moja ya safi na moja ya fifi, nikiwa na furaha ya mtu aliyeipata haki na kuifungia ndani ya banda.

Siku ya kwanza kituo kilikuwa kimya kama msibani. Kasoro msibani watu huongea. Mikono ilisukuma pamba, nikaitazama, nikatamka. Nilipotamka safi, mikono ilikusanya pamba ikaondoka. Nilipotamka fifi, mikono ilibaki palepale.

"Nimekukosea nini?" sauti ya mzee iliuliza kupitia gunia.

"Hakuna kuongea, mzee."

"Najua hakuna kuongea. Nakuuliza nimekukosea nini."

Hili sikulitarajia. Neno lilelile ambalo Mzaramo alilifunga ndani ya tusi na watu wakalipokea wakicheka, mimi nililitoa tupu, na likawa linamkata mtu. Walipotukanwa walijua wametukanwa kwa sababu ya utani. Nilipowanyamazia walikwenda nyumbani kuitafuta sababu, na kila mmoja alikuwa nayo moja mahali fulani: ugomvi wa ng'ombe kati ya baba yake na babu yangu, au mara ile alinipita njiani bila kusimama. Kabla ya juma kwisha nilikuwa na maadui ambao sikuwahi kuwaona sura. Hilo, kwa kweli, lilikuwa ndilo lengo la pazia.

Wengine waliamua nyuma ya gunia kuna Mzungu. Wengine walisema hakuna mtu, ni mashine. Akina mama, ambao hawawezi kupita mbele ya kiumbe bila kumwamkia, walianza kupiga magoti na kuliamkia gunia lenyewe. "Mwangaluka, gunia," nilisikia, na wenzao wakifa kwa kicheko kule nje. Kwenye mizani Mzaramo alijibu kwa niaba ya gunia, na kuuliza habari za watoto.

Sasa niseme habari ya shangazi yangu, maana bila yeye pazia lingekuwa pale mpaka leo.

Shangazi, dada yake baba, aliolewa sehemu zile, na mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nilikuwa nakaa kwake. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alitaka shamba la pamba lirudi mikononi mwake. Alisema mwanamke peke yake haiwezi pamba. Ataiacha mvuani, ataichuma na majani. Walipofika mbele ya mwanangwa, mkuu wa kijiji kile, yeye aliamua hivi: shangazi alime msimu mmoja. Pamba yake ikitoka safi, shamba ni lake alime mpaka achoke. Ikitoka fifi, shemeji alichukue. Shemeji alikubali upesi sana, mbele ya watu.

Shangazi alinisimulia haya akiwa anasonga ugali, bila kunitazama. Hakuniomba kitu. Alimaliza kusimulia, akaepua chungu, akaniuliza kama nataka maziwa ya mgando. Mtu mwingine angekula ugali. Mimi nilikaa nikichambua kwa nini hakuniomba, nikahitimisha kwamba kutoniomba ndiko kuniomba kwenyewe, na kwa njia ya hatari zaidi, maana nisingeweza kukataa kitu nisichoombwa. Nilikula kidogo sana. Aliuliza kama naumwa.

Siku ya kupima pamba ya shangazi foleni ilikuwa ndefu. Mwanangwa mwenyewe alikuja, akakaa kwenye kigoda karibu na mizani. Nilikuwa sijalala vizuri, nikijiapiza kwamba sitajua pamba ya shangazi ni ipi, na nikijua kwamba nitajua. Nitajua kwa sababu ya ugoro. Shangazi akinusa ugoro hupiga chafya isiyofanana na ya mtu yeyote ninayemfahamu: huanza juu kama filimbi, hushuka, na mwisho wake ni neno "Alaa!" kama mtu aliyeibiwa.

Pamba ikasukumwa mezani. Nzuri. Nyeupe, kavu, na kishungi kimojamoja cha manjano huku na huku, kama ilivyo pamba yoyote ya duniani. Nilikwishafungua mdomo kusema safi. Ndipo nje ya pazia filimbi ikapanda, ikashuka.

"Alaa!"

Mdomo wangu ukabaki wazi. Naweza kueleza kila kilichopita kichwani mwangu, na sijivunii hata kimoja. Niliwaza: unataka kusema safi kwa sababu ni shangazi. Nikajijibu: nilitaka kusema safi kabla sijajua ni shangazi. Nikajijibu tena: ndivyo kila mwenye kupendelea anavyojitetea. Nikavitazama vile vishungi vya manjano. Vilikuwa vinaongezeka. Naapa vilikuwa vinaongezeka. Nikaona foleni yote ikijua kwamba nakaa kwake, nala ugali wake; nikaona mwanangwa kwenye kigoda; nikaona sura yangu mwenyewe, safi kabisa, isiyo na doa la upendeleo, na nikaipenda sura hiyo kuliko nilivyompenda shangazi.

"Fifi," nikasema.

Kule nje sauti ya kiume ikapasuka.

"Fifi? Pamba yangu mimi, fifi?"

Alikuwa shemeji.

Sikuelewa, lakini Mzaramo kwenye mizani alielewa mara moja, na alikuwa amebana matusi kwa siku nyingi.

"Yako? Mbona aliyepiga chafya ni mwingine?"

"Hilo halikuhusu, mla nazi!"

"Linanihusu, mimi ndiye mizani. Ugoro alionusa huyu mama ni wa nani? Nimekuona kwa macho yangu ukimkaribisha. Wewe! Tangu tumzike kaka yako hujampa mjane huyu hata maji, leo unamnusisha ugoro hapa mbele ya Bwana Pazia?"

Watu walianza kucheka pole pole, kadiri kila mmoja alivyopata picha. Shemeji alikuwa amepanga hivi: amtie shangazi ugoro karibu na pazia huku pamba ya kwake iko mezani, mpwa asikie chafya, mpwa apendelee. Pamba yake ipate safi kwa upendeleo wangu, na ya shangazi, itakayofuata kimya kimya, inikute nikiwa mtu mwenye haki. Alinifikiria vizuri sana yule mzee. Alikosea jambo moja: alinidhania mtu wa kawaida mwenye kupenda ndugu zake.

"Kama si yako sema," Mzaramo aliendelea. "Sema ni ya shemeji yako, hapa hapa mbele ya mwanangwa. Tumwandikie yeye uzito wote, wewe urudi na gunia tupu. Ni ya nani?"

Shemeji alitazama pamba yake, akamtazama mwanangwa. Fifi ya shangazi ingempa shamba. Lakini ili iwe ya shangazi, ilibidi ampe mavuno yake yote.

"Ni yangu," alisema, kwa sauti ndogo.

"Wewe huko ndani," mwenyekiti aliita. "Toka."

Nilitoka. Mwanga ulikuwa mkali na foleni ilikuwa na sura nyingi, zote zikinitazama kwa mara ya kwanza msimu ule. Shangazi alisimama mbele yangu, pua bado ikimwasha.

"Ulisikia chafya yangu?"

"Nilisikia."

"Ukajua ni mimi."

"Nilijua."

"Ukasema fifi."

"Nilisema." Nikaona niongeze maelezo, jambo ambalo sikuwahi kulijutia mapema kiasi kile. "Niliogopa nisije nikakupendelea."

Aliwageukia wenzake katika foleni kana kwamba anataka mtu amtafsirie. Hakuna aliyejitokeza.

"Ng'wana wane," alisema, mwanangu, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali, "fifi nimeisikia. Pamba ni pamba. Lakini ulijua ni mimi nimesimama hapa, tumetenganishwa na gunia moja tu, na hukuniamkia?"

"Ilikuwa sheria kwamba tusiongee."

"Sheria ya nani?"

"Yangu."

"Basi."

Nikavua kofia. "Shikamoo, shangazi."

Alirekebisha kaniki yake begani, akamtazama mwenyekiti, akalitazama lori lililokuwa linapita barabarani mpaka vumbi lake likatulia. Nilikuwa bado nimeinama.

"Marahaba," alisema mwishoni.

Mwenyekiti alishika pazia akalivuta, nalo likaanguka lote, na vumbi la katani likatufanya wote tupige chafya. Mzaramo akaambiwa arudi mezani. Alirudi akifuta mikono kama daktari.

"Nani anafuata? Ni wewe, mjane wa marehemu rafiki yangu? Leta hayo manyoya yako."

Shangazi alimwaga pamba yake. Mwanangwa aliinuka kutoka kwenye kigoda akasogea. Sasa hapakuwa na kicheko. Kila mtu alijua kilichokuwa kinapimwa pale, na shangazi alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mzaramo aliizunguka pamba. Aliichota kwa viganja vyake, akaiacha idondoke, akaipekua mpaka chini. Kisha akachomoa kishungi kimoja cha manjano na kukiinua juu.

"Na hiki? Jino la marehemu?"

"La kwako," shangazi alijibu. "Limeng'oka ukitafuna nazi."

Banda lilipasuka kwa kicheko. Mzaramo alijishika taya, akahesabu meno kwa ulimi, akakitupa kishungi nyuma ya bega.

"Safi!" akapiga kelele. "Safi, na ulaaniwe!"

Mwanangwa alitikisa kichwa kukubali, akamgeukia shemeji. "Umesikia."

"Nimesikia."

Shamba likawa la shangazi. Mzaramo akaikagua upya ya shemeji, akamtukana mpaka nikamwonea huruma, na nayo akaipa safi. Kumbe ilikuwa safi tangu mwanzo, kama nilivyoiona kabla sijaanza kufikiri.

Nami, badala ya kufurahi, nilisimama pale nikihesabu. Mkaguzi alikuwa amekula. Alikuwa amecheka. Alikuwa amerudishiwa meza yake mbele ya umati. Marehemu alikuwa rafiki yake. Hapakuwa na kitu hata kimoja katika somo langu ambacho hakikumsukuma kuelekea safi. Je, pamba ile ilikuwa safi kweli, au sisi sote tulikuwa tumeitaka iwe safi? Hilo lilikuwa swali zuri. Nilivuta pumzi kuliuliza, na shangazi, ambaye hakusoma elimu yoyote ya nafsi, aliona kifua changu kinavyojaa.

"Wewe," alisema. "Beba magunia."

Nikayabeba magunia matupu mpaka nyumbani nikiwa nyuma yake. Tulipofika kwenye shamba, miti ya pamba iliyokwisha kuchumwa ilikuwa imesimama yote, mikavu, na amri ya serikali ni kwamba ing'olewe na kuchomwa kabla ya mvua ili wadudu wasibaki. Mwenye shamba ndiye anayeng'oa. Shangazi alilitazama kutoka mwanzo mpaka mwisho, polepole, kama mtu anayesoma.

"Kesho ni Jumapili," alisema. "Kituo kimefungwa. Utang'oa."

Niling'oa. Kabla jua halijapanda, viganja vyangu vilikuwa vimevimba malengelenge, na soksi zangu zilikuwa na rangi ya udongo. Katikati ya mstari nilisimama kupumzika, nikaanza kujiuliza kama nipo pale kwa sababu nampenda, au kwa sababu ya aibu, au kwa sababu nilitaka aone kwamba najuta.

"Usivunje!" shangazi alipiga kelele kutoka mstari wake. "Ng'oa na mzizi!"

Nikainama, nikang'oa na mzizi.